Chakula cha Kijerumani Kinaanzia Nyamakima

Anayetaka kuipikia familia yake mlo wa Kijerumani jijini Nairobi kwa kawaida hushika njia isiyofaa. Huenda kwenye duka kubwa la Westlands, akasimama mbele ya rafu ya bidhaa za ng'ambo, akatazama bei ya chupa ya kabeji iliyochachushwa, ya haradali na ya soseji zilizotiwa mkebeni, kisha akaondoka mikono mitupu. Akilini ana picha moja tu: mguu wa nguruwe uliookwa hadi ngozi ikakakamaa, na kando yake gilasi ya bia iliyo kubwa kama jagi. Kwa picha hiyo anaamua kwamba upishi wa Wajerumani ni wa wenye pesa, wa wala nguruwe na wa hoteli za kitalii, na kwamba haumhusu mzazi wa Kangemi, Kawangware au Uthiru anayefika nyumbani saa mbili usiku. Ninaupinga uamuzi huo. Vyakula vya Kijerumani vinavyoifaa familia ya hapa ni vile ambavyo wakulima, wachimba migodi na akina mama wa kule walivipika kwa viazi, kabeji, kamande, mayai na mkate uliolala. Karibu vyote hivyo vinapatikana kwa miguu, kuanzia maduka ya nafaka ya Nyamakima, kuvuka River Road, hadi soko la Wakulima tunaloliita Marikiti. Kapu la sokoni ndilo liwe kipimo cha kuchagua chakula, na rafu ya bidhaa za ng'ambo ije baadaye, kama itakuja.

Kuna sababu ya kulisema hili sasa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa ajira na uhamiaji, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Taasisi ya Goethe, ambayo imekuwa jijini tangu 1963 na sasa iko Maendeleo House, pale barabara za Monrovia na Loita zinapokutana, si mahali pekee tena pa kujifunzia Kijerumani. Madarasa yamefunguliwa katika majengo mengine ya katikati ya jiji, na vijana wanaotaka kwenda kusomea uuguzi au kazi za ufundi wanakariri vitenzi ndani ya matatu. Familia zao zinabaki na swali la kawaida kabisa: huko anakokwenda mtoto wetu, watu hula nini? Lakini hata pasipo na msafiri, nyumba nyingi za jiji zimechoshwa na mzunguko uleule wa ugali na sukuma, wali na ndengu, chapati na maharagwe, halafu ugali tena. Zinatamani mabadiliko ambayo hayataongeza gharama. Upishi wa kawaida wa Kijerumani unaweza kuyaleta, mradi tuutazame kutoka jikoni mwa Wajerumani wenyewe na tuache kuutazama kupitia mabango ya sherehe zao.

Mabango hayo yametoka pembe moja ya nchi. Oktoberfest ni sherehe ya mji wa Munich, huko Bavaria, na ilianza Oktoba 1810 kwa karamu ya harusi ya mwanamfalme Ludwig na bibi harusi wake Therese. Wakati huo hakukuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Zilikuwako falme nyingi na miji huru, na dola moja haikuundwa hadi 1871. Kwa hivyo upishi wao hadi leo ni wa kimkoa. Mtu wa pwani ya kaskazini ana samaki wake na viazi, mtu wa Swabia kusini-magharibi ana tambi za mayai na kamande, na mtu wa Rhineland huponda viazi pamoja na mboga. Anayeukadiria upishi huo wote kwa mguu wa nguruwe ni sawa na mgeni anayeambiwa kwamba chakula cha Kenya ni nyama choma, akaondoka bila kusikia habari za samaki wa kupaka wa Lamu, mukimo wa Nyeri wala mrenda wa Magharibi. Ushahidi mzito zaidi ni usiku wa tarehe 24 Desemba. Huo ni usiku mkubwa wa familia katika mwaka wa Wajerumani, na mlo uliozoeleka mno katika nyumba zao usiku huo ni saladi ya viazi na soseji. Taifa lenye viwanda vinavyojulikana dunia nzima, usiku ambao kila mtu amerudi kwao, linakaa mezani mbele ya viazi, siki, haradali na soseji. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachomlazimu mtu wa Nairobi kuagiza kutoka nje.

Viazi vyenyewe havikuwa vyao. Vilitoka milima ya Andes huko Amerika Kusini, na wakulima wengi wa Kijerumani walivikataa kwa muda mrefu kabla ya kuvizoea. Tarehe 24 Machi 1756 Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia aliwaandikia maofisa wake amri ya kuhimiza kilimo cha viazi, na hadi leo wanaozuru kaburi lake huko Potsdam huacha viazi juu ya jiwe. Hapa kwetu viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, na magunia yanayoshushwa Marikiti kutoka Nyandarua, Meru au Molo mara nyingi ni ya Shangi, aina inayoiva upesi na kupondeka kwa urahisi. Inafaa kuijua tabia hiyo kabla ya kupika. Kwa supu na kuponda, Shangi haina shida yoyote. Kwa saladi inataka uangalifu: chagua viazi vidogo, vichemshe na maganda yake, viepue mara kisu kinapopenya, uvimenye vikiwa moto. Saladi ya Wajerumani wa kusini haina mayonesi. Vipande vya viazi moto humwagiwa mchuzi mwepesi wa mifupa au wa mboga uliotiwa siki, kitunguu kilichokatwa vidogo, haradali na mafuta kidogo, kisha huachwa nusu saa vinywe. Kwa kuwa viazi hunyonya vikiwa moto, anayesubiri vipoe ndipo atie siki hupata viazi vitupu vyenye maji ya siki chini ya bakuli. Mlo mwingine wa viazi, unaopendwa hasa mashariki mwa Ujerumani, ni viazi vya kuchemshwa na maganda vinavyoliwa na jibini laini jeupe wanaloliita Quark. Huko Lushoto, Tanzania, shamba la Irente linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri limetengeneza jibini hilo kwa miaka mingi. Asiyeweza kufika Usambara amimine mala kwenye kitambaa safi, akining'inize usiku kucha juu ya sufuria, na asubuhi atapata kitu kilicho karibu nalo sana. Chumvi, kitunguu cha majani na viazi moto vinatosha kuukamilisha mlo huo.

Hapo sijataja chapati za viazi vilivyokunwa, ambazo kila mtoto wa Nairobi aliyewahi kula bhajia atazitambua mara moja. Viazi vibichi hukunwa, vikakamuliwa maji, vikachanganywa na kitunguu, yai na unga kidogo, kisha vikakaangwa vikiwa vyembamba hadi kingo ziwe kavu. Wajerumani huzila na tofaa zilizopikwa zikapondeka. Kwa kuwa tofaa nyingi za hapa zimetoka Afrika Kusini na bei yake inaonyesha hivyo, plamsi za Limuru zilizopikwa na sukari kidogo zinafanya kazi ileile, labda vizuri zaidi kwa ukali wake.

Nitakaa zaidi kwenye sukuma wiki, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inapoonekana waziwazi. Kaskazini mwa Ujerumani, hasa Oldenburg na Bremen, kuna mboga iitwayo Grünkohl. Majani yake yamejikunja kuliko ya sukuma tunayoijua, lakini wataalamu wa mimea huziweka mboga hizo mbili katika spishi moja, pamoja na kabeji, koliflawa na brokoli. Sisi tumeipa mboga hiyo jina la shida: ni chakula cha kusukumia siku hadi mshahara uje, na mwenye kuikirimia wageni huhisi haja ya kuomba radhi. Wao wameifanya kuwa sikukuu ya majira ya baridi. Makundi ya marafiki na wafanyakazi wenza hutembea mashambani wakivuta mkokoteni mdogo, huishia kwenye nyumba ya wageni, hula mboga hiyo kwa viazi na soseji, kisha humvika mmoja wao taji la mfalme wa kabeji. Tofauti haiko kwenye jani, iko katika jinsi linavyopikwa na linavyoheshimiwa. Sisi huikata sukuma nyembamba na kuikaanga dakika chache. Wao hukaanga vitunguu kwenye mafuta, hutia majani yaliyokatwa, hutia mchuzi wa nyama, na huiacha itokote polepole hadi majani yalainike kabisa na kushikana na mchuzi. Wengine huongeza oti kiasi cha konzi moja ili uwe mzito, na haradali huingia mwishoni. Sukuma yetu haihitaji saa nyingi kama ile iliyopigwa na baridi ya Desemba. Dakika 30 au 40 kwenye moto mdogo zinatosha. Ikipakuliwa na viazi vya kuchemsha na soseji ya ng'ombe, mtu anapata mlo ambao mtu wa Oldenburg angeutambua, na mama mboga wa Kawangware ameuza kila jani lililomo.

Ulinganifu huo hauishii kwenye mboga moja. Huko Rhineland kuna vyakula ambavyo jina lake kwa lahaja ya huko lina maana ya kuchanganywa pamoja: karoti na viazi huchemshwa katika sufuria moja na kupondwa, au viazi vilivyopondwa huchanganywa na majani mabichi yaliyokatwa. Aliyelelewa kwa mukimo hahitaji kufundishwa chakula hicho. Anahitaji tu kuambiwa kwamba kipo, na kwamba hutiwa siagi na kungumanga. Kuna kingine cha eneo hilo kiitwacho mbingu na ardhi: viazi vya kupondwa, ambavyo ndivyo ardhi, pamoja na tofaa za kupondwa, ambazo ndizo mbingu, na juu yake vipande vya soseji ya damu vilivyokaangwa na vitunguu. Soseji ya damu kwa lugha ya mitaa yetu inaitwa mutura. Msomaji anaweza kukipenda au kukichukia chakula hicho, lakini hawezi kusema kwamba ni kigeni kwake.

Kama vitu vya kupikia ni vilevile, basi tunajifunza nini kutoka kwao? Jibu langu ni ukali wa siki. Sisi watu wa bara, tukitaka kukipa chakula ladha, hukimbilia nyanya, mchemraba wa kitoweo, au mafuta zaidi. Mjerumani hutia siki au achari, na kijiko kimoja kikiingia mwishoni huamsha sufuria nzima. Mfano bora ni kamande. Nyamakima magunia yake yako wazi kando ya maharagwe, ndengu na njahi, na mtu anaweza kununua nusu kilo tu akitaka. Wajerumani huanza kwa kukaanga kitunguu, karoti na seleri au liki, hutia kamande na maji, hutia viazi vilivyokatwa vidogo, na dakika 40 baadaye, sufuria ikishaepuliwa, hutia siki kijiko kimoja au viwili. Asiyeamini kijiko hicho kina uzito gani na apakue bakuli mbili, moja na siki na nyingine bila. Huko Swabia kamande hizo huliwa na tambi za mayai ambazo hazihitaji mashine wala mfuko wa dukani. Kanuni yao ni yai moja kwa kila gramu 100 za unga wa ngano, chumvi, na maji ya kutosha kuufanya uji mzito unaovutika. Uji huo hukwanguliwa kutoka kwenye ubao, kamba baada ya kamba, ukaanguka kwenye maji yanayochemka, na tambi zinapoelea juu huwa zimeiva. Huko huongeza soseji juu, lakini sahani hiyo imekamilika hata bila nyama.

Kuhusu nyama, jina la Nyamakima lenyewe linatusaidia, kwa maana kima ni nyama iliyosagwa. Wajerumani wana mapishi mawili ya nyama hiyo ambayo yangeipunguzia familia ya jiji mzigo. Ya kwanza ni vibonge vya kukaanga, vinavyoitwa Frikadellen katika sehemu nyingi za nchi na Buletten mjini Berlin. Ndani yake, pamoja na nyama, kitunguu, yai na haradali, mna mkate wa jana uliolowekwa na kukamuliwa. Mkate huo huushika unyevu wa nyama ili kibonge kisikauke kwenye kikaango, na hapo hapo huifanya nusu kilo ya nyama ishibishe watu sita. Mapishi ya pili ni kabeji iliyoviringwa. Majani makubwa hutumbukizwa kwenye maji moto hadi yakunjike bila kukatika, hujazwa mchanganyiko uleule wa nyama au nyama na wali, hufungwa kwa uzi, hukaangwa juujuu, kisha hupikwa ndani ya mchuzi wake. Katika nyumba nyingi kabeji hukatwa na kukaangwa na nyanya, basi. Jani zima lililofunga kitu ndani hubadilisha kabisa jinsi watoto wanavyoitazama mboga hiyo, kwa sababu kila mmoja anapata fungu lake na anataka kujua kilichomo.

Halafu kuna ile kabeji ya kwenye chupa ghali ya Westlands. Sauerkraut ni kabeji na chumvi. Kabeji hukatwa nyembamba, ikapimwa, ikatiwa gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, ikafinyangwa kwa mikono safi hadi itoe maji yake, ikashindiliwa kwenye chombo cha kioo au cha udongo na kuwekewa kitu kizito juu ili isielee nje ya maji hayo. Kifuniko kisikazwe sana, maana hewa inayotokana na kuchachuka lazima itoke. Katika joto la kawaida la Nairobi huanza kuwa kali ndani ya wiki moja, na wiki ya pili au ya tatu huwa imekomaa. Jamii inayokunywa uji uliochachushwa, mala na mursik haipaswi kuuogopa utaratibu huu. Ni kazi ileile ya vijidudu vya maziwa, vimehamia tu kwenye mboga. Faida yake inavuka mlango wa jikoni. Mvua inapokuwa nzuri Kinangop na kabeji kufurika, bei huanguka hadi mkulima akashindwa kulipia lori, na kabeji zikaozea shambani. Wajerumani walikabiliana na msimu kama huo kwa chumvi na pipa. Ninaamini kwamba chupa za kabeji kali zilizotengenezwa Nyandarua zingeweza kuuzwa katika duka lilelile la Westlands, na kwenye vibanda vya smoki pia.

Watakaonipinga wana hoja nzito, na ya kwanza ni nguruwe. Waislamu wa jiji hili, Waadventista wengi na wengine wasiomla mnyama huyo kwa mila yao hawawezi kuambiwa wafumbe macho. Lakini hebu turejee vyakula nilivyovitaja: saladi ya viazi, chapati za viazi, kamande, tambi za mayai, kabeji iliyochachushwa, sukuma, vibonge vya kima. Kimoja tu, ile soseji ya damu, ndicho ambacho hakiwezi kuokolewa kwa kubadilisha nyama. Ujerumani yenyewe imekwisha kuupitia mjadala huu. Tangu ilipotia saini mkataba wa kuajiri wafanyakazi kutoka Uturuki tarehe 30 Oktoba 1961, mamilioni ya Waislamu wamefanya nchi hiyo kuwa kwao, na soseji za ng'ombe, kuku na bata mzinga ni za kawaida madukani mwake. Kama Berlin inaweza kupika Kijerumani bila nguruwe, Eastleigh na Pangani zinaweza pia. Bia nayo si kiungo cha lazima katika hata kimoja cha vyakula hivi.

Hoja ya pili inagusa kidonda. Kwa nini tupike vyakula vya watu waliotutawala? Kwenye pwani ya Kenya Wajerumani walishika Witu kuanzia 1885 hadi mkataba wa Julai 1890 ulipoikabidhi kwa Waingereza, na jambo hilo halikuacha alama nyingi. Tanzania ni habari nyingine. Katika vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala ya kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Chakula ndicho kilichokuwa silaha. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea na kuomba msamaha, miaka zaidi ya mia moja baada ya mashujaa wa Wangoni kunyongwa. Sisemi kwamba bakuli la kamande linapaswa kumsahaulisha mtu hayo, na anayekataa kulipika kwa sababu hiyo ana haki yake. Ninachosema ni kwamba mahindi tunayoyaita chakula chetu yalitoka Amerika, chapati iliingia na Wahindi, na chai ya Kericho ilipandwa na walowezi, na hakuna anayedai kwamba familia inayokunywa chai ya maziwa asubuhi imemsamehe gavana. Jikoni zetu zimekuwa zikichukua kinachofaa na kukifanya chetu, wala historia haikufutika kwa sababu hiyo. Mkulima maskini wa Oldenburg aliyepika majani yake wakati wa baridi hakuwa ndiye aliyewasha moto Ungoni.

Wengine watasema kwamba tukibadilisha tofaa kwa plamsi na nguruwe kwa ng'ombe, chakula kitakuwa si cha Kijerumani tena. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Wajerumani wenyewe wangekuwa na chakula kisichoguswa na mgeni. Soseji ya kari, ambayo leo ni fahari ya Berlin, inasimuliwa kuwa ilibuniwa tarehe 4 Septemba 1949 na Herta Heuwer, mwenye kibanda cha chakula katika mji uliobomolewa na vita, aliyechanganya nyanya ya kopo na bizari ya kari na kuumimina mchuzi huo juu ya soseji. Nyanya imetoka Amerika, na kari imetoka India kupitia Uingereza. Mchuuzi wa River Road anayepasua smoki na kuijaza kachumbari yuko hatua moja tu kutoka kwa Heuwer: apike nyanya ya kopo, siki, sukari kidogo na bizari inayouzwa duka la jirani, akate smoki vipande, aumimine. Na kwa wanaodai kwamba upishi wa kule hauna viungo, biskuti za Krismasi za Kijerumani zimejaa karafuu, mdalasini na iliki, na kampuni ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na ofisi yake Zanzibar, kwenye karafuu, tangu 1849. Kabeji yao hutiwa kisibiti, mbegu inayofanana na bizari nyembamba kwa sura ingawa ladha yake ni tofauti. Pilipili ndiyo haimo kwa kawaida, na hakuna sheria inayoizuia kuwekwa mezani.

Inabaki hoja ya gesi na muda, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, maana mlo mzuri unaopikwa kwa saa tatu hauna faida kwa anayeshuka matatu usiku. Ni kweli kwamba nyama za Jumapili za Wajerumani, zilizolowekwa siku kadhaa kwenye siki na kupikwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa, si za katikati ya wiki. Lakini kamande hazihitaji kulowekwa, tambi za mayai hukaa majini dakika mbili au tatu, na viazi vilivyochemshwa siku moja hukaangwa na vitunguu siku ya pili. Zaidi ya hayo, Wajerumani wana desturi ambayo mgeni wa kwanza kwao hushtushwa nayo: kwa mazoea yao chakula cha moto huliwa mchana, na jioni nyumba nyingi hazipiki kabisa. Hula mkate. Mlo huo wameuita mkate wa jioni, na Mkenya aliyezoea kwamba usiku ni wa ugali anaweza kuuona kuwa ni kulala njaa. Wala sipendekezi tuufuate kila siku. Mwili uliobeba mizigo mchana kutwa Marikiti unataka chakula cha moto, na watoto pia. Ninapendekeza usiku mmoja katika wiki, tuseme Jumatatu, vitu vya Jumapili vikiwa bado vipo. Mezani kuwe na mkate wa ngano nzima uliokatwa, bakuli la mala iliyochujwa na kutiwa chumvi na kitunguu cha majani, mayai ya kuchemsha, matango, kabeji kali kutoka kwenye chupa iliyo juu ya kabati, vibonge vya jana vilivyokatwa vipande, na saladi ya viazi ambayo siku ya pili huwa imekolea siki kuliko ya kwanza. Kila mtu anajitengenezea kipande chake, na moto pekee unaowashwa ni wa chai.